Mgongo Ambao Haukuguswa

Nilizaliwa nikitanguliza miguu. Mkunga alihangaika na mama kuanzia adhuhuri mpaka jua likazama, na nilipotoka hai watu hawakusema kwamba mama amenusurika. Walisema nyumba imepata dawa ya mgongo. Huku kwetu, katika vijiji vya pwani kati ya Kilwa na Lindi, wako wengi wanaoamini kwamba mtoto aliyekuja duniani namna hiyo ana nguvu katika nyayo, na kwamba mtu mwenye maumivu ya mgongo akikanyagwa naye atapona. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshajua kukanyaga migongo ya watu.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Mgonjwa huja asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Hutandikiwa mkeka mlangoni, akalala kifudifudi, kichwa ndani ya nyumba na miguu nje. Mimi nanawa miguu, nashika miimo ya mlango kwa mikono miwili ili nisimwelemee kwa uzito wote, kisha napanda. Naanzia kiunoni, naenda taratibu mpaka mabegani, narudi. Mwenye miguu hasemi neno mpaka ashuke. Na mgonjwa hashukuru, maana akishukuru maumivu yanarudi.

Utaratibu huo ulinifaa sana. Mimi ni mtu wa aibu tangu mdogo. Shuleni, mpaka namaliza darasa la saba, mwalimu aliweza kuniuliza jambo ninalolijua nikasimama kimya mpaka akaniambia kaa. Lakini mlangoni kwetu ukimya wangu ulikuwa sehemu ya dawa. Watu walitoka Rutamba kuja kukanyagwa. Mzee mmoja aliwahi kutoka Likawage na kuku chini ya kwapa. Nilipokwisha kuchezwa unyago nikakatazwa kukanyaga wanaume, nikabaki na wanawake, nao walitosha. Wanawake wa huku wana migongo mibovu. Wanalima ufuta, wanaokota korosho, wanachota maji, na wa kijijini kwetu wanalima mwani.

Mama alikuwa mkulima wa mwani. Maji yakipwa alishuka na wenzake mpaka kwenye vigingi vyao, akainama kufunga mbegu, yaani matawi machanga ya mwani, kwenye kamba, moja baada ya nyingine, maji yakiwa magotini, mpaka bahari ianze kurudi. Kisha alipandisha mwani mbichi kichwani, ndani ya gunia linalochuruzika. Baba alikwisha kuhamia kwa mke wake mwingine upande wa Rondo, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, na mwani wa mama ndio ulikuwa chakula chetu, sabuni yetu na bati juu ya vichwa vyetu.

Maumivu yalimwanza katikati ya mgongo. Nilimkanyaga, akaamka akasema amekuwa mwepesi, akaenda kazini. Baada ya muda akawa mwepesi mpaka mchana tu. Halafu ikawa asubuhi peke yake. Halafu akawa anainuka mkekani akijishika ukutani, uso umekunjamana, na bado anasema afadhali. Alikonda. Kanga aliyokuwa akiifunga mara moja kiunoni sasa aliizungusha ikabaki ncha ndefu. Usiku alitoka jasho hata mto ukalowa, tukasema ni joto, ingawa ulikuwa msimu wa baridi na mimi nilikuwa najifunika shuka mbili.

Kisha nyayo zangu zikaanza kukutana na kitu. Katikati ya mgongo wake, pale pale panapouma, palikuwa na kinundu kidogo kigumu. Nilipokifikia nilitaka kupita pembeni. Mama alikuwa akinielekeza kutoka chini: "Hapo hapo. Ndipo ugonjwa ulipokaa. Usiukimbie."

Basi siku moja mama mkubwa, dada yake mama anayekaa Lindi mjini, akapiga simu. Yeye anauza samaki wa kukaanga, anakaa kwenye kigoda kifupi mbele ya karai kutwa nzima akitazama chini, na shingo yake ilikuwa imekakamaa hata akiitwa anageuka mwili mzima kama mlango. Alisema kuna daktari wa mgongo ametoka Dar es Salaam, amepangishiwa chumba kwenye zahanati ya mtu binafsi karibu na kwake, atakaa siku chache tu. Hachomi sindano, hatoi vidonge, anatibu kwa mikono. "Anaualisha mgongo kama mtu anavyoalisha vidole mpaka vilie," alisema mama mkubwa. "Mpakie mdogo wangu kwenye basi, mje wote."

Mama alifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi. Daktari anayetumia mikono alimwelewa. Hospitali alikuwa akiiogopa, lakini mikono ni jambo la nyumbani. Usiku ule alichagua kanga ya kuvaa.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga mtandio mweusi, mikono yake mifupi na minene kama ya mtu anayekanda unga kila siku. Aliwaamkia mama na mama mkubwa shikamoo kabla hajavaa koti lake jeupe. Chumbani palikuwa na kitanda kirefu chembamba chenye tundu upande wa kichwani, na ukutani picha ya mtu aliyeonyeshwa mifupa yake yote. Kwenye dirisha alikuwa ametundika sanamu ya uti wa mgongo, ya plastiki, inayocheza upepo ukiingia. Mimi nilikaa kwenye benchi pembeni nikaitazama sanamu ile. Nilikuwa nimepita juu ya vitu vile maisha yangu yote na sikuwahi kujua vina umbo gani.

Alianza na mama mkubwa, na alianza kwa maswali. Maumivu yalianza lini, yanaenda wapi, yanashuka mkononi au hayashuki, kuna vidole vinavyokufa ganzi, aliwahi kuanguka, ana presha, ana sukari, kichwa kinamuuma upande gani, usiku analala au yanamwamsha. Mama mkubwa alijibu, akajibu, mwishowe akachoka.

"Mwanangu, mimi nimekuja kunyooshwa shingo. Mbona kama naposwa?"

Daktari alicheka. Akamwambia kwamba mwenye kuposa anaweza kuuliza machache na akasamehewa, yeye hawezi. Kisha akamgeuza kichwa huku na huku polepole, akamgongagonga viwiko kwa kinyundo cha mpira, akamwambia asukume mkono wake na auvute. Alipomlaza kitandani, uso kwenye lile tundu, alipapasa mgongo wake pingili moja moja bila haraka. Akaweka viganja, akamwambia avute pumzi, aitoe, na pumzi ilipokwisha akasukuma mara moja, kwa ghafla na kwa kifupi. Mgongo ukalia. Hata mimi niliyekaa mbali niliusikia.

Halafu sauti ya mama mkubwa ikatoka chini ya kitanda: "Nimekufa?"

"Bado, mama. Vuta pumzi nyingine."

Shingo hakuialisha. Aliishika tu kwa mikono miwili akaivuta na kuilegeza kwa muda mrefu, kidogo kidogo. Mama mkubwa alipoketi aligeuza kichwa kutazama dirishani, mabega yakabaki mahali pake. Akakigeuza tena upande wa pili. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la mtandio na kusema ni jasho.

Mama alikuwa akitazama yote hayo. Sijui nieleze vipi macho yake. Yalikuwa kama ya mtu aliye kwenye foleni ya kisima, amemwona aliye mbele yake akiondoka na ndoo imejaa, na zamu inayofuata ni yake.

Wakati mama mkubwa anapumzika, daktari alitueleza kidogo kuhusu kazi yake, kwa sababu mama aliuliza ule mlio ni mfupa unavunjika au unarudi. Alisema si kuvunjika wala si kurudi. Kwenye kiungo kuna majimaji, na ndani ya majimaji kuna hewa, kiungo kikifunguliwa kwa ghafla hewa hiyo inalia. Mlio wenyewe si dawa. Mtu anaweza kupona bila mlio na anaweza kulia mgongo mzima asipone. Alisema tiba hiyo inaitwa kairopraktiki, ilianzia Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita, na yeye aliisomea miaka mingi nje ya nchi, darasani na wodini, kabla hajaruhusiwa kumgusa mtu peke yake. Huku kwetu wanaoifanya bado ni wachache, ndiyo maana wengi hawajawahi kuisikia. Alisema pia, na sikutegemea aseme, kwamba wapo wenzake wanaowaahidi watu kuwaponya kila kitu, kuanzia pumu mpaka utasa, na wapo waliojifunza kwa kutazama video wakaanza kuvuta shingo za watu. "Mimi natibu maumivu ya mgongo na ya shingo, na maumivu mengine ya kichwa yanayoanzia shingoni," alisema. "Tena si kila mgongo."

Maneno hayo ya mwisho hakuna kati yetu aliyeyashika.

Ikawa zamu ya mama. Daktari aliuliza maswali yale yale na mama akajibu akiwa ameshaanza kuvua viatu. Alipofika kwenye swali la usiku, mama akasema usiku maumivu hayalali, yanamwamsha. Daktari akauliza kama amekonda. Mama akasema kidogo. Akauliza kuhusu homa na jasho. Mama akasema joto la pwani. Hapo daktari akanigeukia mimi, akaniuliza mto wa mama unakuwaje asubuhi. Nikatazama miguu yangu. Nilisema, "Unalowa." Ndilo neno pekee nililosema chumbani mle.

Akamwambia mama atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Mguu wa kushoto haukutaka. Akamgonga magoti kwa kile kinyundo, na miguu ikaruka kwa nguvu kuliko nilivyoona ikiruka ya mama mkubwa. Nilidhani ni dalili njema. Akamkwaruza nyayo kwa ncha ya ufunguo. Kisha akamwomba akae tu, akaenda nyuma yake, akapitisha kidole kimoja juu ya mgongo kuanzia shingoni. Kidole kilipofika kwenye kile kinundu kikasimama. Hakukibonyeza. Alikaa hivyo kwa kitambo, kidole kikiwa hewani karibu na ngozi, kisha akaivuta kanga ya mama na kumfunika vizuri.

Alizunguka akaketi mbele yake kwenye kigoda, akawa chini ya uso wake.

"Mama, mimi mgongo huu siugusi."

Mama hakuelewa. Alisema amekwisha kuvua viatu.

Daktari akaeleza polepole. Alisema anaogopa kwamba ndani ya mfupa kuna ugonjwa unaoula, na huku kwetu ugonjwa unaofanya hivyo mara nyingi ni kifua kikuu, kile kile cha mapafu, ila mara nyingine kinakwenda kukaa kwenye uti wa mgongo bila mtu kukohoa hata mara moja. Alisema hana hakika, hakika inatoka hospitali, kwenye picha na vipimo. Lakini mfupa unaoliwa ni kama ukuta wa udongo uliolowa. Ukisukumwa unaporomoka, na nyuma yake ndipo inapopita mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Miguu tayari imeanza kulalamika. Dawa zipo, hazilipiwi, ni za miezi mingi, na akiwahi atabaki anatembea. Asipowahi, au mtu akiubana mgongo huo, huenda asisimame tena.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Dada yangu umemshika. Mimi umenikataa."

"Sijakukataa, mama. Nakuogopea."

"Tumetoka mbali."

Daktari alisema anajua. Aliinama mwenyewe akamvisha viatu. Aliahidi kumpigia simu mganga wa hospitali ili tukienda wasituzungushe.

Tulipotoka aliniita nibaki nyuma. Mama mkubwa alikuwa amemweleza habari za miguu yangu, kwa fahari, wakati wa kupumzika. Nilitarajia anicheke au anikaripie. Aliniuliza tu ninavyofanya, ninashika wapi, ninaanzia wapi, nikamwonyesha kwa mikono. Akasema sehemu nyingi za dunia watu wamewakanyaga wagonjwa mgongoni tangu zamani, na kazi yake ina udugu na kazi hiyo. Tofauti, alisema, yeye amefundishwa kwanza ni wakati gani wa kurudisha mikono nyuma. Halafu akanishika bega.

"Kuanzia leo usimkanyage. Hata akilia."

Mama hakwenda hospitali. Tulirudi kijijini na basi la siku ya pili, na njia nzima alitazama nje. Kwake neno kifua kikuu lilikuwa neno la kutengewa kikombe. Alikuwa ameona jirani akitengewa kikombe mpaka anazikwa. Alisema yeye hakohoi, kila mtu anajua hakohoi, na yule binti wa Dar amemwonea. Kama ni mkono wa daktari umeshindwa, basi kuna miguu nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilitoka chumbani nikamkuta amelala mlangoni. Amejitandikia mkeka mwenyewe, amelala kifudifudi, kichwa ndani na miguu nje, kama wagonjwa wote. Mgongo alikuwa ameufunua. Kile kinundu kilionekana waziwazi kwa mwanga wa asubuhi.

Nilisimama. Sisi nyumba yetu ina mlango mmoja. Nilitaka kutoka kwenda kisimani na nisingeweza bila kumruka, na kumruka mama yangu aliyelala nisingeweza pia. Nikakaa chini upande wa kichwa chake, nikauegemeza mgongo wangu ukutani.

"Nawa miguu," alisema.

Niliikunja miguu nikaificha chini ya kanga.

"Tumbo halina kitu. Nawa miguu, upande mgongoni."

Nilitaka kumweleza. Kichwani nilikuwa nayo yote, ukuta wa udongo, mishipa, miguu yake. Lakini maneno kwangu huwa yanakuja baadaye, nikiwa peke yangu, na mbele ya mtu yanakauka. Nilichoweza ni kusema, "Mama, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Alikaa vile vile. Watu wakaanza kupita kwenda kwenye mwani, maana maji yalikuwa yanakupwa asubuhi ile, na kila aliyepita alisimama. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa anapakana na mama kwenye vigingi, alichungulia akaniona nimekaa na mama amelala. Akauliza kulikoni. Mama akamwambia, uso ukiwa mkekani, kwamba mtoto amekwenda Lindi amerudi mwingine.

"Kumbe siku hizi miguu ina hadhi," alisema yule jirani. "Imepanda basi, haikanyagi tena watu wa kijijini. Mwanangu, hata mama yako?"

Nilitazama sakafu. Alisubiri nijibu, kisha akafyonza akaenda zake. Nikasikia wenzake wakimuuliza huko njiani na yeye akiwaeleza.

Jua lilipanda likaingia mlangoni mpaka mgongoni kwa mama. Nilichukua kanga nikamfunika, akaitikisa ikaanguka. Nikamfunika tena. Ilipofika karibu na adhuhuri alijaribu kuinuka peke yake na mguu wa kushoto ukamsaliti. Nilimshika kwapani. Hakutaka kunishika lakini hakuwa na la kufanya, tukainuka hivyo, yeye ameuweka uso mbali na wangu.

Alifanya vile tena kesho yake, na siku nyingine baada ya hapo. Kila mara nilikaa kwenye ukuta. Kijijini nilikuwa sisalimiwi vizuri. Wanawake waliokuwa wakija kukanyagwa hawakuja, na mmoja alisema kwa sauti ili nisikie kwamba dawa ikimnyima mama yake imeshaoza. Nyumbani mama alinipa chakula bila kunitaja jina. Nilikuwa naogopa vitu viwili, kwamba nitashindwa nikapanda juu ya mgongo ule ili tu anitazame tena, na kwamba nitashinda na yeye asisimame.

Mwishoni nilimpigia simu mama mkubwa. Sikuweza kuzungumza, nililia tu kwenye simu mpaka salio likaisha. Alikuja. Aliingia ndani na shingo yake inayogeuka, akamtazama mdogo wake akitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni huku ukutani pamechakaa kwa alama za mkono wake. Walizozana. Mama alisema hatakwenda kuaibishwa. Mama mkubwa alimwambia aibu ya kikombe ni ndogo, yeye anamwogopea aibu ya kubebwa chooni. Kisha akamwambia mimi ndiye niliyemzuilia miguu yake isife, na kama anataka kumchukia mtu, amchukie akiwa amesimama. Jioni mama aliniambia nimfungie nguo.

Hospitali walipiga picha. Mganga aliiweka kwenye mwanga akatuonyesha. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa upande wa mbele na zile za juu zimeinamia mbele, kama watu wanaochungulia shimo. Mimi nilikuwa nimeiona ile sanamu ya plastiki dirishani, kwa hiyo nilijua zilitakiwa kukaa vipi. Vipimo vikasema ni kile kile alichokiogopa yule daktari. Mama alipewa mkanda mgumu wa kufunga kiunoni, akaanza dawa zinazogeuza mkojo kuwa mwekundu, akaambiwa asibebe kitu, asiiname, asikandwe wala asikanyagwe na mtu yeyote.

Nyumbani hakuna aliyemtengea kikombe. Ila mwenyewe alijitengea. Alikiweka juu ya dirisha na hakutaka mtu akiguse, hata mganga alipokwisha kutueleza kwamba ugonjwa wa mifupa peke yake hauambukizi kwa kikombe. Siku za dawa zilikuwa ndefu na sawasawa. Mimi nilipata kazi ya kukunja nyavu kwa watu na kuosha vyombo kwenye mgahawa wa barabarani. Maumivu ya usiku yakapungua, jasho likakatika, mwili ukarudi kidogo. Mguu wa kushoto ukapata nguvu ya kutosha kuvuta ndala bila kuiacha nyuma. Miguu ilibaki. Mgongo ndio haukurudi. Ulivyokuwa umeinama ndivyo ulivyokauka.

Alipomaliza dawa tukasikia yule daktari amekuja tena Lindi. Mama alisema anataka kwenda. Alijifunga kanga vizuri, akatembea na fimbo, akaingia chumba kile kile kabla ya watu wengine. Hakungoja maswali.

"Ugonjwa umekwisha, wamenipima. Sasa unaweza kunishika?"

Daktari aliomba picha mpya, akaitazama kwa muda mrefu. Akasema pale palipoliwa mifupa imeungana, imekuwa mfupa mmoja, na hapo hapana kiungo tena cha kufunguliwa. Mkono wa mtu hauwezi kuunyoosha. Akisukuma atavunja. Mahali pale hatapagusa, si leo wala baadaye. Kuna upasuaji mkubwa unaofanywa mbali, alisema, lakini una hatari zake na kwa mgongo unaotembea hangeushauri. Alichoweza kumpa ni mazoezi ya kuimarisha tumbo na mapaja, na namna ya kutoka kitandani kwa ubavu. Alimfundisha yote, akamrudisha kitandani na kumwinua tena mpaka akaweza mwenyewe. Mama alifuata kama mwanafunzi mwema. Alisema ahsante, Mungu akubariki, mwanangu. Hakulia.

Niliona kwamba mpaka dakika ile alikuwa bado anaamini kwamba kuna siku ya kunyooshwa.

Wiki ile ile, maji yalipokupwa sana, aliniambia nimsindikize chini. Sikumzuia. Tulikwenda polepole kwenye matope, yeye ameshika fimbo mkono mmoja na bega langu mkono wa pili. Vigingi vyake vilikuwa vinatumiwa na yule jirani aliyenisema mlangoni, ambaye alipotuona aliacha kamba yake akasimama, hajui pa kuweka mikono.

"Endelea na kazi," mama alimwambia. "Nimekuja kutazama."

Alitazama. Wenzake wote walikuwa wameinama kwenye mistari yao, migongo juu, vichwa chini, kama alivyokuwa yeye miaka yote ile. Mama aliyasogelea maji mpaka yakamfika vifundoni, akawa na umbo lile lile lao.

"Tazama," aliniambia kwa sauti ndogo. "Sina haja tena ya kuinama. Nimeshainamishwa."

Nilidhani anacheka, nikamgeukia. Hakuwa anacheka. Alinyoosha mkono kuichukua kamba iliyokuwa karibu, akavuta mbegu moja ya mwani kutoka kwenye kapu la jirani, akajaribu kuifunga. Ili uifunge lazima ushuke kiunoni, na kiuno kilikuwa hakishuki. Kamba ilibaki chini ya vidole vyake, karibu kabisa. Alijaribu kwa kukunja magoti, mguu wa kushoto ukatetemeka, nikamshika. Jirani alisema, "Lete, shoga, nitaifunga mimi."

Mama akampa ile mbegu. Alibaki hapo mpaka ikafungwa, akaangalia fundo kama limekaza, akasema limekaza. Kisha akaniambia twende kabla bahari haijarudi, kwa sababu yeye sasa, kwa mwendo wake, ni mtu wa kuanza mapema.